Gari Lisilo na Breki Ndani ya Nyumba: Vitoroli vya Magurudumu na Hadhari Zake

Wasikilizaji, kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, neno gereji humletea picha ya mafundi waliolala chini ya magari, harufu ya oili na makelele ya nyundo. Lakini kwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia Uingereza, Marekani au Kanada, neno hilo hupata maana ya pili. Gereji huko ni chumba cha nyumba, chenye mlango mpana na sakafu ya zege, kilichojengwa ili gari la mwenye nyumba lipate pa kulala. Makala ya leo yanaangazia chombo kinachozidi kuonekana katika vyumba hivyo, nacho ni vitoroli vinne vidogo vinavyowekwa chini ya magurudumu ya gari ili lisukumwe upande wowote kwa mikono. Chombo hicho kina manufaa makubwa, ila kina siri moja ambayo asiyeijua anaweza kuilipia kwa mguu wake, au kwa uhai wa mtoto wake.

Kwanza, ni kwa nini mtu atake kulisukuma gari ndani ya chumba? Jibu limo katika vipimo. Gereji nyingi za Uingereza zilijengwa wakati magari yalipokuwa madogo. Gari la Mini lililotolewa mwaka 1959 lilikuwa na upana wa mita 1.4 na urefu wa mita 3 na ushei. Volkswagen Golf ya kwanza, ya mwaka 1974, ilikuwa na upana wa mita 1.61. Golf ya kizazi cha nane, iliyozinduliwa mwaka 2019, ina upana wa karibu mita 1.79 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Magari yamenenepa, lakini kuta zimebaki pale pale. Katika gereji ya zamani yenye upana wa mita 2.4, Golf hiyo ya kisasa ikiegeshwa katikati huacha takriban sentimita 30 kila upande. Dereva hawezi kufungua mlango akatoka bila kujikunja, na anayetaka kupita na baiskeli au sanduku hana njia.

Nchini Marekani gereji ni kubwa zaidi, na nyingi hubeba magari mawili. Hata hivyo, nyumba yenye gari moja linalotumika kila siku na jingine linalosubiri vipuri hukumbwa na tatizo lile lile. Gari bovu likikaa katikati ya chumba hugeuka kuwa ukuta. Laiti lingesogezwa mita moja tu kuelekea pembeni, lile zima lingepata nafasi, na mwenye nyumba asingelazimika kulifutia theluji kila alfajiri ya majira ya baridi kabla ya kwenda kazini.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu gari halikuumbwa kwenda upande. Magurudumu yake huenda mbele na nyuma, na yale ya mbele hukata kona kwa kiasi. Wahandisi wamelihangaikia jambo hilo kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 mvumbuzi Mmarekani Brooks Walker alibuni mtambo wa gurudumu la tano lililofichwa nyuma ya gari. Gurudumu hilo lilishushwa, likainua sehemu ya nyuma na kuizungusha kuelekea kando. Mwaka 2023 kampuni ya Hyundai Mobis ya Korea Kusini ilionyesha gari la umeme la majaribio ambalo kila gurudumu lake hugeuka peke yake, likaweza kutembea kiubavu kama kaa. Mwenye gari la kawaida hana mitambo hiyo. Alichonacho ni vitoroli.

Kitoroli cha aina ya kawaida ni bamba la chuma lenye mbonyeo katikati, na katika pembe zake nne pana vigurudumu vinavyozunguka kila upande, mfano wa vile vilivyo chini ya kiti cha ofisini au kitanda cha hospitali. Gari huinuliwa kwa jeki, kitoroli husukumwa chini ya tairi, kisha gari huteremshwa hadi tairi likae ndani ya mbonyeo. Iko pia aina ya pili, ghali zaidi, isiyohitaji jeki. Hiyo ina fremu inayoizunguka tairi na mihimili miwili ya kuviringika. Mtu hukanyaga pedali, mihimili ikasogeleana na kulibana tairi kutoka mbele na nyuma, nalo tairi likapanda juu taratibu. Baada ya magurudumu yote manne kukaa juu ya vitoroli, watu wawili wanaweza kulisogeza gari la tani moja na nusu kwenye sakafu iliyo sawa na laini, na hata kuligeuza mahali pale pale liangalie lilikotoka.

Faida nyingine haionekani kwa macho. Kwa kuwa gari husogezwa bila injini kuwashwa, moshi wake haujazi chumba. Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na ambayo huua mtu ndani ya chumba kilichofungwa kabla hajatambua kuwa yumo hatarini. Katika nchi za baridi, ambako milango hufungwa kuzuia upepo, kusogeza gari kwa mikono badala ya kuliwasha ni salama zaidi kwa mapafu ya waliomo.

Sasa inakuja ile siri. Gari likishakaa juu ya vitoroli vinne, halina breki tena. Breki ya mkono inaweza kuvutwa hadi mwisho, gia ikawekwa mahali pa kuegeshea, na ufunguo ukatolewa na kutiwa mfukoni, lakini yote hayo hayasaidii kitu. Breki hushika magurudumu ya gari yasizunguke. Hailishiki gari lenyewe. Gari husimama kwa sababu matairi yaliyozuiwa yanakwaruzana na ardhi, na matairi yaliyo juu ya vitoroli hayaigusi ardhi hata kidogo. Kinachogusa ardhi ni vile vigurudumu vidogo, navyo viliundwa kwa makusudi ili vizunguke kwa wepesi, kila upande, bila kumuuliza mtu. Mazoea ya miaka mingi humwambia dereva kwamba gari lililovutwa breki limetulia, na ni mazoea hayo hayo yanayomponza.

Hatari hiyo hukuzwa na jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalioni, nalo ni mwinamo wa sakafu. Sakafu ya gereji huonekana bapa, lakini mara nyingi si bapa. Kanuni za ujenzi wa nyumba za kuishi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani huagiza kwamba sehemu ya kuegeshea gari iinamie kwenye tundu la kutolea maji au kwenye mlango mkuu wa gari, ili maji na mafuta yaliyomwagika yasitiririke kuingia ndani ya nyumba. Kwa maneno mengine, chumba kimejengwa kwa namna ambayo kitu chochote chenye magurudumu hushawishika kwenda mlangoni. Nje ya mlango huo, mara nyingi, iko njia ya gari inayoteremka hadi barabarani, mahali ambapo watoto wa jirani hucheza.

Hesabu yake si ngumu. Kwa gari la kilo 1,500, mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita hulivuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 15, yaani ndoo ya maji iliyojaa. Mwinamo wa sentimita 2 huzaa kilo 30. Njia ya nje yenye mwinamo wa sentimita 5 huzaa kilo 75, sawa na uzito wa mtu mzima anayening'inia kwenye gari bila kuchoka. Kwa hiyo mwenye nyumba aipime sakafu kabla hajainua chochote. Hahitaji chombo cha fundi mwashi. Gololi ya mtoto yatosha. Ikiwekwa chini sehemu mbalimbali za chumba, itamwonyesha gari litakapotaka kukimbilia. Penye gololi kukimbia, vitoroli havifai. Na hata ikijiviringisha polepole tu, mlango mkuu ubaki umefungwa kazi yote inapoendelea.

Wakati wenye hatari kubwa kuliko wote si ule wa kusukuma, bali ule wa kuinua. Chukua mfano wa gari la kawaida linaloendeshwa na magurudumu ya mbele. Gia ya kuegeshea hushika magurudumu ya mbele, na breki ya mkono, katika magari mengi, hushika yale ya nyuma. Mtu akiinua mbele kwanza na kuweka vitoroli viwili, gia imepoteza kazi yake, lakini breki ya mkono bado inalishika gari kwa matairi ya nyuma yaliyo chini. Kisha mtu huyo anakwenda nyuma, anaweka jeki, anaanza kuinua. Punde matairi ya nyuma yanapoachana na sakafu, kizuizi cha mwisho kimetoweka. Mbele gari limekaa juu ya vigurudumu vinavyozunguka, nyuma limeegemea kichwa kidogo cha jeki, na mwenyewe amepiga magoti kando yake. Likisogea hata kidogo, huteleza kutoka kwenye jeki na kuanguka.

Dawa ya jambo hilo ni utaratibu. Kabla ya kuinua mbele, matairi ya nyuma yawekewe kabari pande zote mbili, mbele na nyuma ya kila tairi, na breki ya mkono ivutwe. Baada ya gari kukaa juu ya vitoroli vya mbele, na kabla jeki haijapelekwa nyuma, vigurudumu vya vitoroli hivyo vifungwe. Vitoroli vizuri vina vifungio vyake vya kukanyaga kwa mguu. Visivyo navyo vizuiwe kwa kabari ndogo zilizobanwa pande zote. Ni baada ya kusukuma gari kwa mkono na kuona kwamba halitikisiki ndipo sehemu ya nyuma iinuliwe. Vifungio hivyo visifunguliwe mpaka vitoroli vyote vinne viwe mahali pake, na wasukumaji wawe wamesimama tayari.

Jeki nayo ina tabia zake. Gari linapoinuliwa upande mmoja, halipandi wima kama lifti. Hupanda kwa kupinda, na sehemu inayoguswa na jeki husogea kidogo kadiri inavyopanda. Ndiyo maana jeki kubwa ya kulala sakafuni imewekewa magurudumu, ili iweze kulifuata gari. Magurudumu hayo yakikwama kwenye ufa au juu ya zulia, jeki haisogei, na kichwa chake huanza kuteleza chini ya gari. Jeki iwekwe pale tu ambapo kitabu cha gari kimepataja. Kwa magari ya umeme agizo hilo lina uzito zaidi, kwani sehemu kubwa ya tumbo lake ni betri, na jeki ikikita hapo inaweza kuleta hasara kubwa na hata moto.

Juu ya hayo yote kuna sheria isiyo na msamaha: hakuna mtu wa kuingia chini ya gari lililo juu ya vitoroli, wala lililoshikiliwa na jeki peke yake. Vitoroli ni vya kusafirishia, si vya kufanyia kazi. Anayetaka kushughulikia tumbo la gari alishushe kwanza kwenye sakafu, kisha aliinue upya na kuliegemeza juu ya stendi imara za chuma zilizoundwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu ununuzi, kosa la kawaida ni kugawanya uzito wa gari kwa nne na kununua kitoroli cha kiasi hicho. Uzito wa gari haugawanyiki sawasawa. Katika gari ambalo injini yake iko mbele na huendeshwa na magurudumu ya mbele, karibu asilimia 60 ya uzito hulalia mbele. Kwa gari la kilo 1,500 hiyo ni kilo 900, yaani kilo 450 kwa kila gurudumu la mbele, ilhali kila la nyuma hubeba 300. Na gari linaposukumwa juu ya sakafu isiyo sawa, kuna nukta ambapo gurudumu moja hubeba sehemu ya mzigo wa mwenzake. Busara ni kununua kitoroli chenye uwezo unaozidi kwa mbali mzigo wa gurudumu zito kuliko yote. Vingi vinavyouzwa Marekani huandikwa uwezo kwa pauni. Pauni 1,500 ni kilo 680 hivi. Mzigo wa juu unaoruhusiwa mbele na nyuma huandikwa kwenye kibandiko au kibati cha gari, ambacho mara nyingi hupatikana kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi ya umeme huzidi tani mbili, na vitoroli vilivyolitosha gari la zamani huenda visilitoshe jipya.

Vigurudumu vya kitoroli, kwa udogo wake, ni adui wa takataka. Tairi la gari hupita juu ya msumari, nati au kokoto bila dereva kujua. Kigurudumu cha sentimita chache hugonga kitu hicho hicho na kusimama ghafla, wakati vitatu vingine vingali vinakwenda. Gari hupinda bila kutarajiwa, na tairi laweza kuruka nje ya mbonyeo wake. Sakafu ifagiliwe vizuri, nyaya za umeme ziondolewe, na vyuma vya kufunika mifereji viepukwe.

Wakati wa kusukuma, haraka haina baraka hata chembe. Gari la kilo 1,500 likitembea nusu mita kwa sekunde, mwendo ulio chini ya ule wa mtu anayetembea kwa miguu, haliwezi kusimamishwa ndani ya sentimita 10 ila kwa nguvu karibu sawa na uzito wa kilo 190. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kuizuia. Kwa hiyo lisukumwe kwa mwendo wa kobe, na asiwepo mtu yeyote kati ya gari na ukuta, hata anayedhani anasaidia kulipokea. Anayehisi gari limemshinda nguvu aliachie na kuondoka njiani. Mlango uliobonyea hunyooshwa kwa fundi, lakini mfupa uliosagika haurudi ulivyokuwa. Mikono iwekwe kwenye matairi au sehemu ngumu zilizo karibu nayo, si kwenye boneti wala plastiki za mbele, ambazo hubonyea. Inafaa pia mtu mmoja asisukume, bali asimame pembeni, aangalie, na neno lake la kusimamisha litiiwe mara moja.

Na watoto? Wazazi wengi huwafundisha watoto wao kujihadhari na gari linalonguruma. Gari lililo juu ya vitoroli halinguruma. Limezima, halina dereva, limetulia kama kabati, na mtoto huliona kama kitu cha kuegemea au kusukuma kwa mchezo. Ni vyema watoto wasiwemo kabisa katika chumba hicho, na kazi ikikatizwa kwa ajili ya chakula au sala, vifungio vyote vifungwe na kabari zirudishwe kabla ya mtu kuondoka. Gari likishafika mahali pake na vitoroli havihitajiki tena, njia iliyo bora ni kulishusha sakafuni kwa utaratibu ule ule lililopandishiwa, ukiwa umegeuzwa kinyume. Breki yake hupata tena kazi siku hiyo.

Ni wazi basi kwamba chombo hiki hakimfai kila mtu. Msikilizaji aliyeko Muscat au Dubai, ambaye gari lake hulala chini ya kivuli kwenye uwanja uliotandikwa matofali madogo, hatafaidika nacho, kwa sababu vigurudumu hukwama katika kila mwanya kati ya matofali. Anayetaka kuingiza na kutoa gari kila siku pia hatafaidika, kwani kuinua na kushusha huchukua muda mrefu kuliko kutafuta nafasi barabarani. Kinamfaa mwenye sakafu ya zege iliyo bapa na safi, aliye na gari la kuhifadhiwa kwa miezi au linalofanyiwa ukarabati, na aliye na mtu wa kumsaidia.

Katika miji ya Afrika Mashariki, gari lililozimika husukumwa na yeyote aliye karibu, na dereva hubaki usukani mguu ukiwa juu ya pedali. Desturi hiyo ina hekima ndani yake: palipo na wasukumaji, sharti awepo wa kusimamisha. Vitoroli vya magurudumu vimepunguza idadi ya wasukumaji hadi wawili, lakini vimemwondoa yule wa kusimamisha. Nafasi yake hujazwa na kabari, vifungio, sakafu bapa na macho ya mtu mmoja anayeangalia wakati wenzake wanasukuma. Mwenye nyumba aliyekwisha kujaza nafasi hiyo anaweza kulisogeza gari lake hadi karibu na ukuta, akapata njia ya kupita, na jioni akafunga mlango wa gereji akiwa na moyo mtulivu. Mwenda pole hajikwai.